Mwenye Nyumba

Afisa wa mikopo, Bwana Mwakio, kijana wa tai ya samawati,
aliniuliza, "Mshahara wako hulipwa na nani?"
Nikamjibu: na jua.

Alidhani ni mzaha.
Mimi ni fundi wa friji, sina mwajiri ila joto.
Januari hadi Machi mji mzima ukitota jasho
simu yangu hailali: bucha la Kongowea,
duka la samaki Likoni,
bibi arusi wa Bondeni ambaye keki yake yayeyuka.
Kipupwe kikiingia, watu hufungua madirisha tu,
wakamshukuru Mungu,
nami hukaa kibandani nikipangusa bisibisi.
Naye alitaka mstari ulionyooka, mwezi kwa mwezi.

Nikampelekea karatasi za M-Pesa za miaka miwili.
Nikampelekea daftari la kazi, grisi na yote.
Nikataka kuongeza na nyumba ya mama, pale Majengo.
Akauliza hati.
Nikasema, ni nyumba bila shamba:
kuta zetu, paa letu, ardhi ya watu.
Akalifunga faili taratibu, kama anayemfunika maiti.
"Benki," akasema, "haishiki nyumba inayoelea."

Basi tukairehani ile ya Mikindani, vyumba viwili,
ambayo deni lake lenyewe halijaota mvi.
Deni likabebwa na deni mgongoni,
tukapata vyumba vitatu Bamburi, bafu la vigae,
na miaka kumi na saba.
Mwanasiti alihesabu kwa vidole, vikamwishia,
akaomba vyangu.
Kukopa harusi, kulipa matanga, tuliambiwa.
Hatukuambiwa matanga yenyewe ni mia mbili na nne,
moja kila tarehe tano.

Mikindani nikampangisha Dama, mwalimu wa chekechea,
na wanawe wawili, na cherehani.
Siku ya kwanza akaniita "mwenye nyumba".
Niligeuka nyuma kuangalia nani kaingia.

Julai ikaja na manyunyu yake.
Friji za watu zikawa na afya, mashallah,
na kodi ya Dama ikachelewa siku tisa.
Nikapiga hesabu usiku, nikaipiga tena asubuhi,
haikukubali kuzaa.
Nikavaa shati la kudai. Ndiyo, lipo shati la kudai,
lile la kola ngumu.

Nikapanda ngazi nilizozisakafu kwa mkono wangu.
Nyuma ya mlango redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari.
Nikabisha hodi.
Redio ikazimwa.

Ah.
Kimya kile nakijua. Nilikitunga mimi,
enzi za chumba cha Magongo, Bwana Harith akija kudai:
mkono juu ya mdomo wa mtoto,
miguu imeinuliwa kitandani isionekane chini ya mlango,
moyo ukigonga kuliko mgongaji.
Nikasimama. Ndani, bomba la jikoni lilikuwa likidondoka,
tone, kisha tone.
Washa yake imekwisha. Ningeibadilisha kwa dakika tano.
Mtoto akakohoa, akakohozeshwa kimya.

Sikubisha tena.
Nikashuka ngazi nikikanyaga kwa kishindo,
kila kidato, viatu vikilia,
wasikie kwamba nimekwenda,
wapumue.

Jioni, Bamburi, Mwanasiti akikuna nazi,
redio ikisema bei ya unga,
simu ikaanza kutetema juu ya meza.
Nikaitazama namba. Ilikuwa tarehe saba.
Vyumba vitatu, sebule, bafu la vigae,
nami, mwenye nyumba,
nikanyoosha mkono polepole
nikazima redio.